Kapsuli za sifongo ya bahari: kipeperushi cha kweli, chupa ya wanga

Bidhaa ninayoihakiki ni chupa ya kapsuli 60 niliyoinunua kwa shilingi 4,500 katika duka moja la tiba za asili, lililo orofa ya pili ya jengo karibu na Barabara ya Tom Mboya, katikati ya Nairobi. Sitalitaja duka kwa jina, kwa kuwa ninachokihakiki ni aina ya bidhaa inayouzwa pia kwingine mjini. Lebo inasema kila kapsuli ina miligramu 500 za unga halisi wa sifongo ya bahari, na kipeperushi kinachoambatana na chupa kinadai kwamba unga huo hupambana na saratani za aina zote. Nilitumwa na shangazi yangu, anayetibiwa saratani ya matiti, ambaye alipewa kipeperushi hicho na mama mwingine walipokuwa wakisubiri zamu ya kemo. Hakutaka ninunue chochote. Alitaka tu kujua kama habari ile ya sifongo ni ya kweli au ni ya kutungwa, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa kemia wa shule ya upili, katika ukoo wetu kila kilichomo ndani ya chupa huletwa kwangu. Kununua ulikuwa uamuzi wangu, kwa sababu sikuona namna ya kulijibu swali lake kwa kusoma karatasi peke yake.

Neno lenyewe lilitupotezea muda dukani. Ukisema sifongo hapa Nairobi, wengi hufikiria sponji ya kuoshea vyombo, ambayo ni plastiki, au dodoki, ambalo ni tunda la mmea utambaao lililokaushwa. Dada aliyekuwa kaunta aliniambia kwa uhakika kwamba sifongo ni mmea unaoota chini ya bahari, kama mwani. Kumbe ni mnyama, tena miongoni mwa wanyama wa kale zaidi duniani, asiye na mdomo, tumbo wala mishipa ya fahamu, ambaye hushika mwamba na kuishi kwa kuyachuja maji yanayopita katika matundu yake madogo. Kipeperushi cha duka lake mwenyewe kinaeleza hivyo katika aya ya kwanza, lakini sikuona sababu ya kumwaibisha.

Duka lenyewe sina ubaya nalo. Ni safi, bei zimeandikwa wazi, ukilipa kwa M-Pesa unapewa risiti iliyochapishwa bila kuiomba, na nilisikilizwa kwa heshima hata ilipodhihirika kwamba maswali yangu ni mengi kuliko ya mnunuzi wa kawaida. Nyuma ya risiti kuna maelezo kwamba bidhaa inaweza kurudishwa ndani ya siku saba. Hayo si haba, na yangekuwa ya kutosha kama tungekuwa tunazungumzia sabuni.

Kipeperushi ndicho kilichonishangaza zaidi, maana nilitarajia porojo nikakuta historia. Kinasimulia mambo mawili, na yote mawili yalitokea. La kwanza linamhusu Werner Bergmann, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa na mwenzake Robert Feeney, alieleza misombo isiyo ya kawaida iliyotoka katika sifongo aliyeokotwa pwani ya Florida, anayejulikana leo kama Tectitethya crypta. Misombo hiyo ilifanana sana na matofali ambayo seli huyatumia kujenga DNA, isipokuwa kwamba sukari iliyokuwemo ilikuwa arabinosi badala ya ile iliyozoeleka. Kwa umbo, tofauti ni ndogo mno: kikundi kimoja cha oksijeni na hidrojeni kimeongezeka mahali ambapo sukari ya DNA haina. Kwa kazi, tofauti ni kubwa, kwa sababu dawa iliyoigwa kutoka kwenye umbo hilo huchukuliwa na seli inayojigawa kwa pupa kama tofali la kawaida, hupachikwa ukutani, na ujenzi hukwama hapo hapo. Wanakemia wa California waliitengeneza dawa hiyo, sitarabini, mwaka 1959, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1969. Hadi leo ndiyo nguzo ya matibabu ya saratani kali ya damu ya aina ya mieloidi, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Jambo la pili ni la Japani. Katikati ya miaka ya 1980, Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura walitenga kutoka kwa sifongo Halichondria okadai kitu walichokiita halikondrini B, chenye uwezo mkubwa wa kuua seli za saratani. Yoshito Kishi wa Chuo Kikuu cha Harvard alifaulu kukiunda chote katika maabara mwaka 1992, na kutokana na kazi hiyo ikabainika kwamba nusu moja ya molekuli ile kubwa inatosha kufanya kazi. Kampuni ya Eisai ikaitengeneza nusu hiyo, kwa marekebisho, kuwa eribulini, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Novemba 2010 kwa ajili ya saratani ya matiti iliyosambaa mwilini baada ya dawa nyingine kushindwa. Kwa hiyo nilipompigia shangazi simu jioni ile, jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba habari ni ya kweli, na kwamba mojawapo ya dawa hizo inahusu ugonjwa wake hasa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mwenye duka hakulitarajia: basi kilichomo ndani ya chupa ni hiyo?

Hapo ndipo kipeperushi na chupa vinapoachana njia, na kipeperushi hakisemi. Hakisemi kwamba ndani ya kichupa cha sitarabini kilichoko hospitalini hamna hata chembe ya sifongo, kwa kuwa dawa huundwa kiwandani kuanzia mwanzo, na kwamba eribulini nayo huundwa hivyo hivyo kwa hatua zaidi ya sitini za kemia, safari ambayo dawa chache mno zinazouzwa zimewahi kuipita. Hakisemi kwamba zote mbili hudungwa kwa sindano au dripu. Sitarabini ukiimeza, vimeng'enya vya utumbo na ini huibadilisha kuwa kitu kisichofanya kazi kabla haijafika inakotakiwa, na ndiyo maana wagonjwa wa saratani ya damu hulazwa wakiwa na dripu inayotiririka siku saba mfululizo. Kama ingewezekana kumeza, nadhani hospitali zingekuwa za kwanza kufurahi, maana vitanda ni vichache. Tena hakisemi kwamba sitarabini haitumiki kutibu saratani ya matiti, na hivyo neno lile la saratani za aina zote limejengwa kwa kuunganisha dawa mbili tofauti, za magonjwa mawili tofauti, kana kwamba sifongo ni kitu kimoja. Aina za sifongo zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi hupita 8,000, na lebo ya chupa yangu haitaji hata moja.

Suala la kipimo nililifanyia hesabu, na naomba msomaji avumilie, kwa sababu ndilo lililoniamulia. Watafiti wa Japani walitumia kilo 600 za sifongo wakapata miligramu 12.5 za halikondrini B. Huko New Zealand, pwani ya Kaikoura, sifongo mwingine wa jenasi ya Lissodendoryx alikuwa mkarimu zaidi, na tani moja yake ilitoa takriban miligramu 300. Mwanamke wa umbo la wastani hudungwa zaidi kidogo ya miligramu 2 za eribulini kwa mara moja, mara mbili katika kila majuma matatu. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba halikondrini na eribulini ni sawa kwa nguvu, kwamba tumbo halipotezi chochote, na kwamba unga wa chupa hii unatokana na yule sifongo wa Japani. Dozi moja ingehitaji zaidi ya kilo 100 za sifongo, yaani kapsuli zipatazo 215,000, ambazo ni chupa zaidi ya 3,500 na shilingi zaidi ya milioni 16. Mtu anaweza kunipinga, na kwa haki, kwamba uzito ule ulikuwa wa sifongo mbichi ilhali unga umekaushwa. Basi nitampunguzia mara kumi, kisha nitambadilishia sifongo nimpe yule mkarimu wa New Zealand. Bado mgonjwa atalazimika kumeza kapsuli 1,500 katika siku moja, na kurudia baada ya juma. Lebo inaelekeza kapsuli mbili asubuhi na mbili jioni.

Kuna sentensi moja kwenye kipeperushi iliyonikera kuliko zote, nayo ni ile inayosema kwamba bidhaa hii, kwa kuwa ni ya asili, haina madhara yoyote. Sifongo hawezi kukimbia, hana gamba wala meno, na jirani zake baharini ni samaki wenye njaa na matumbawe yanayogombea mwamba ule ule. Ulinzi wake mkubwa ni sumu. Nyingine hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake, ambao kwa baadhi ya sifongo hufikia theluthi nzima ya uzito. Wanasayansi walivutiwa na sifongo kwa sababu hiyo hasa: kitu chenye uwezo wa kusimamisha seli ya adui kinaweza, kikifugwa vizuri, kusimamisha seli ya saratani. Kukifuga ndiyo kazi. Diskodermolidi, iliyotolewa katika sifongo wa Bahamas mwaka 1990, ilileta matumaini makubwa kiasi kwamba kampuni ya Novartis iligharamia kuunda gramu 60 zake kwa ajili ya majaribio, lakini ilipofika kwa wagonjwa ikadhuru mapafu na majaribio yakasimama. Hemiasterlini, iliyotokana na sifongo wa Sodwana Bay huko Afrika Kusini, bahari hii hii yetu ya Hindi, ilizaa dawa ya majaribio ambayo haikufika kwenye rafu za maduka ya dawa. Hata zilizofaulu zina gharama kwa mwili: sitarabini hudhoofisha uboho mpaka chembechembe nyeupe za damu zikapungua kwa kiwango cha hatari, na eribulini hufanya hivyo pia, pamoja na ganzi ya vidole na kunyonyoka nywele. Dawa inayodaiwa kuwa na nguvu ya sifongo bila dhara lolote la sifongo imekwisha kujieleza yenyewe.

Jumatatu niliipeleka chupa maabara ya shule baada ya vipindi. Vifaa vyetu ni vya kawaida, kwa hiyo nilifanya majaribio ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili angeyaweza. Nilifungua kapsuli kumi. Unga ni wa kijivu, laini, wenye harufu kidogo ya chumvi, kama dagaa waliosahauliwa kabatini. Tone la iodini liliugeuza kuwa wa buluu iliyokaribia weusi papo hapo, nayo ni dalili ya wanga, tena si haba. Siki ilitoa povu, jambo linaloashiria kaboneti, ambayo inaweza kuwa kombe lililosagwa au chokaa ya kujazia tu. Mwisho nililoweka kijiko kimoja cha unga katika jiki hadi asubuhi. Wataalamu wa sifongo hutumia njia hiyo hiyo kumtambua mnyama wao: jiki hula nyama yote na kuacha vijisindano vya kioo ambavyo ndiyo mifupa yake, kila aina na umbo lake. Chini ya hadubini, katikati ya takataka nyingine, niliona vijisindano vichache vilivyovunjika. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba hamna sifongo kabisa, na sitasema. (Wala kuvikosa kusingekuwa ushahidi kamili, kwa sababu sifongo wa kuogea hana vijisindano hivyo.) Ninachoweza kusema ni kwamba unga halisi wa sifongo haugeuki buluu kwa iodini kiasi kile, na kwamba mtu aliyelipa shilingi 75 kwa kila kapsuli amenunua wanga kwa bei ambayo hata unga wa ugali haujawahi kuifikia katika nchi hii, na umewahi kupanda.

Niliporudi dukani niliuliza sifongo hao hutolewa wapi. Lebo inasema Bahari ya Hindi, ambayo ni sawa na kumwambia mtu kwamba unaishi Afrika. Swali langu halikuwa la uchokozi. Malindi na Watamu ni hifadhi za baharini tangu mwaka 1968, na huwezi kuingia kung'oa viumbe humo kama unavyochuma mchicha. Na kanuni za mazingira za mwaka 2006 zinamtaka anayechukua rasilimali za kijenetiki za nchi apate kibali kwanza na kukubaliana kuhusu mgawo wa faida. Inawezekana kabisa kufanya biashara ya sifongo kwa njia inayoeleweka: huko Jambiani, Unguja, kuna wanawake wanaofuga sifongo wa kuogea kwenye kamba baharini, na mnunuzi anaweza kuonyeshwa shamba lenyewe. Duka hili halikuweza kunionyesha hata jina la aliyewaletea mzigo. Nilitafuta pia kwenye lebo namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, sikuiona. Dada wa kaunta, ambaye kufikia hapo tulikuwa tumezoeana, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mwajiriwa tu na kwamba mama yake mzazi pia huzitumia. Nilimwamini, na sikuendelea kumhoji.

Mwenye duka alipigiwa simu. Alisema chupa iliyokwisha kufunguliwa hairudishwi, jambo ambalo nyuma ya risiti halikuandikwa, na baada ya mabishano ya adabu alikubali kunipa vocha ya nusu ya bei ili nichukue bidhaa nyingine. Nilichukua asali. Ni asali nzuri, ya Kitui kwa mujibu wa lebo, na ningeipendekeza.

Kwa anayeuliza kama anunue kapsuli hizi kwa ajili ya mgonjwa, jibu langu ni hapana, na aliyekwisha kuzinunua amwambie daktari wake kabla ya kemo inayofuata, aende na chupa mkononi, kwa sababu unga usiojulikana unapokutana na dawa kali ndani ya ini lililochoka, daktari ndiye atakayelaumiwa kwa majibu ya damu asiyoyaelewa. Duka nalipa alama tatu kati ya tano kwa huduma. Bidhaa nimeikosea alama ya kuipa.

Jumamosi nilimpelekea shangazi matokeo Kayole, pamoja na karatasi ya hesabu. Alitaka zaidi kusikia kuhusu eribulini. Nikamweleza kwamba katika jaribio kubwa lililowahusisha wanawake 762 ambao ugonjwa wao ulikuwa umesambaa, waliopewa eribulini waliishi muda wa kati wa miezi 13.1, na waliopewa matibabu mengine waliishi miezi 10.6. Alitoa kwa vidole: miwili na nusu. Akasema si mingi, lakini hao angalau wametaja idadi. Ugonjwa wake yeye haujasambaa, na dawa anazotumia sasa si hiyo. Alisema ataliandika jina la eribulini kwenye daftari lake la kliniki, amuulize daktari kama ipo hapa nchini na ni ya nani.

Kipeperushi alikataa kunirudishia. Amekiweka ndani ya faili la hospitali, pamoja na kadi na matokeo ya maabara, akisema kwamba picha ya yule sifongo wa zambarau ni nzuri na kwamba yaliyoandikwa chini yake, ukiacha ukurasa wa mwisho wenye bei, nimemthibitishia mwenyewe kuwa ni kweli. Chupa imebaki kwenye rafu ya maabara, ikiwa na kapsuli 50, kando ya iodini.